Mwalimu Aliyetufundisha Uzito wa Nyota

Shuleni kwetu Kajiado walimu walikuwa wengi, lakini ukisema "Mwalimu" bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamzungumzia nani. Wengine walikuwa Mwalimu wa Hesabu, Mwalimu wa Kemia, Madam wa Historia. Yeye alikuwa Mwalimu tu. Alitufundisha fizikia, na kwa miaka yote niliyomjua sikumsikia mtu akimwita jina lake ila mkewe, tena kwa sauti ya chini.

Alivaa sweta ya kijani chini ya koti hata Januari, wakati wasichana walikuwa wakijipepea kwa madaftari. Hakunywa chai. Alikunywa maji moto matupu, akiyapuliza kwa utaratibu, na ukimuuliza kwa nini hatii hata majani alisema anataka kujua anakunywa nini. Alikuwa na mazoea ya kucheka kabla ya mzaha wake kufika, hivi kwamba darasa zima lilianza kucheka tukimcheka yeye, na mzaha wenyewe ulipofika haukuwa na kazi tena. Hakuvumilia mtu kuchonga penseli kwa wembe. Hakuvumilia pia mtu kusema "naamini" mahali pa "nimepima". Ukisema, "Mwalimu, naamini jibu ni hili," alikuangalia kwa huzuni ya kweli, kama umemwambia umefiwa.

Neno alilolipenda kuliko yote ni "sijui". Mwanafunzi akimuuliza swali asiloweza kulijibu, aliugeukia ubao na kuandika SIJUI kwenye kona ya juu, herufi kubwa, na kuliacha hapo siku nzima. Mwalimu wa Hesabu aliyeingia baada yake alikasirika sana. Alidhani ni sisi tunaomwandikia matusi.

Fizikia ya mtihani aliifundisha kama watu wengine wote: kwa Kiingereza, kwa haraka, akikimbizana na silabasi. Lakini Ijumaa, kipindi cha mwisho kikiisha na wengine wakienda kufua, alibaki na yeyote aliyetaka kubaki. Alifunga mlango. Sheria ya shule ilikuwa Kiingereza tu hadi jioni, na aliyeshikwa akiongea lugha nyingine alivishwa kibao cha mbao shingoni. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye kamati iliyoilinda sheria hiyo. Ndani ya mlango ule uliofungwa alitufundisha nyota kwa Kiswahili.

"Nataka ukienda nyumbani umweleze mama yako," alisema. "Kama mama yako hataelewa, basi hata wewe hukuelewa. Umekariri tu."

Nyota alizozipenda hazikuwa zile tunazoziona tukitoka bwenini kwenda chooni. Alipenda nyota zilizokufa. Alituambia kwamba nyota kubwa ikimaliza kuchoma kila kitu kilichokuwa tumboni mwake, kiini chake hakina tena cha kukishikilia, kinajiangukia. Kinafinyika mpaka protoni na elektroni zinasukumwa pamoja na kuwa nyutroni, na mzigo wote unabaki kitu kimoja kidogo cha nyutroni karibu tupu. Nyota ya nyutroni. "Chukua Jua letu lote," alisema, "ongeza na nyingine nusu, halafu lifinye likae kati ya Kitengela na Isinya. Kijiko kimoja cha chai cha kitu hicho kina uzito wa kilima kizima." Alitaka tuogope kidogo.

Kisha alituonyesha kwa nini kitu kama hicho hakiendelei kuanguka. Alituambia sote tusongamane kwenye madawati mawili ya mbele. Waliowahi walikaa. Waliofuata walilazimika kukaa juu ya meza. Waliochelewa walisimama juu ya meza, wakishikilia mabega ya wenzao, wakipiga kelele.

"Nyutroni hazikai mbili kwenye kiti kimoja zikifanya jambo moja," alisema, akizunguka pembeni yetu. "Zile za chini zikijaa, inayofuata lazima ipande. Ikipanda, inakimbia zaidi. Ikikimbia, inasukuma. Na ukizidi kuzibana, zenyewe kwa zenyewe zinafukuzana. Hiyo ndiyo inazuia nyota isianguke. Si moto. Moto ulishakwisha. Ni kukataa tu."

"Kwa hivyo haiwezi kuanguka tena, Mwalimu?" mmoja wetu aliuliza kutoka juu ya meza.

"Inaweza. Kuna kipimo. Ikifika uzito wa Jua mara mbili na kitu hivi, hakuna kukataa kunakotosha. Kitu hivi ni ngapi, sijui. Dunia nzima haijui vizuri."

"Si izidi tu kusukuma?"

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Nilimwona mara nyingi akifika mahali hapo pa hadithi, na kila mara sauti yake ilishuka. Alituambia kwamba hata kusukuma kuna uzito. Nguvu yenyewe ambayo nyota inaitumia kujizuia isianguke inaongeza mvutano unaoiangusha. Mpaka fulani, kusukuma kunasaidia. Ukipita huo mpaka, kila inavyojitahidi zaidi ndivyo inavyojivuta chini. Na ikianza kwenda haisimami. Kabla hujafikiria kupepesa jicho, imefungika, na mwanga wake hautoki tena.

"Shimo jeusi," tulisema kwa pamoja, kwa sababu neno hilo tulilijua.

"Mnalisema kama jina la jini," alitujibu. "Shimo jeusi halimvizii mtu. Ukikaa mbali nalo, uzito ni ule ule uliokuwepo jana. Kama nyota hiyo ilikuwa na mwenzake wanazungukana, mwenzake ataendelea kuzunguka. Tofauti ni kwamba sasa anazunguka kitu asichokiona."

Kulikuwa na mzazi mmoja, mama wa msichana wa kidato cha pili, aliyesikia kwamba shuleni tunafundishwa habari za shimo la kuzimu na mtu asiye mchungaji. Alikuja akiwa amekasirika, amejifunga leso kichwani kama anayekwenda mkutanoni. Mwalimu alimkalisha nje ya ofisi, juani, akamweleza yote kuanzia mwanzo, madawati na nyutroni na kusukuma. Mama alisikiliza. Mwishowe aliuliza, "Sasa hiyo nyota, inajua inaanguka?" Mwalimu alifurahi na swali hilo wiki nzima. Alilirudia staff room mpaka wenzake wakamwomba aache.

Kanisani Kitengela, alikokuwa na nyumba, alikuwa mzee wa kanisa. Siku ya ibada ya vijana pasta alimwomba asimame atoe mfano wa shimo jeusi, aonyeshe jinsi dhambi inavyomvuta mtu asiweze kurudi. Mwalimu alisimama. Alisema, "Shimo jeusi halina kosa lolote. Ni uzito tu." Akaketi. Pasta alisubiri kidogo, akaanzisha wimbo.

Niliambiwa hayo na binti yake, Wambui, ambaye tulikaa naye dawati moja kwa miaka minne. Ni lazima nieleze habari za Wambui, maana huwezi kueleza za Mwalimu bila yeye.

Shuleni alimwita baba yake Mwalimu kama sisi sote, na yeye hakumpendelea hata kidogo. Kama kuna tofauti, ni kwamba Wambui alisahihishiwa kwa ukali zaidi. Na Wambui alikuwa hodari kuliko mimi. Silisemi hili kwa unyenyekevu, ni kitu ambacho darasa zima lilijua. Mimi nilielewa baada ya kuelezwa mara mbili. Yeye alikuwa ameshaelewa na ameshafika upande wa pili, anakungoja.

Ijumaa moja tukiwa kidato cha tatu aliinua mkono na kuuliza: "Mwalimu, ulisema hizi nyota zinazunguka haraka sana. Kuzunguka si kunaisaidia kujishikilia? Sasa kama iko nzito kupita kipimo, lakini inazunguka, na baadaye ipunguze mwendo?"

Mwalimu alishika chaki akitazama ubao. Kisha akaandika SIJUI. Ijumaa iliyofuata alikuja amesoma. Alituambia kwamba ni kweli, nyota nzito kupita kiasi inaweza kushikiliwa na mzunguko wake peke yake, na siku mwendo ukipungua vya kutosha, inaanguka. "Mmoja wenu aliuliza swali ambalo watu wazima wenye darubini wanaliuliza sasa hivi," alisema. Hakusema ni nani. Hakumwangalia hata. Lakini alipofuta ubao nilimwona akitabasamu kuelekea ukutani, na Wambui, aliyekuwa akichora kwenye ukingo wa daftari, alimwona pia.

Kwa hivyo sisi tuliojua, tulijua Wambui atakwenda wapi.

Yeye mwenyewe, Mwalimu, alikuwa amewahi kufika karibu. Aliposoma chuo kikuu aliandika tasnifu yake ya uzamili kuhusu nyota hizi hizi, kuhusu kipimo kile kisichojulikana. Alitaka kuendelea. Alingoja nafasi, akangoja tena, na wakati huo huo akaoa na kupangiwa kufundisha Kajiado. Mambo hayo aliyasema kwa haraka, kama mtu anayepita karibu na mlango wa nyumba aliyokosana na wenyewe. Waliosoma naye walikwenda kwenye bima, kwenye benki, kwenye kuuza ploti. Wakija kutembea Kitengela walimwuliza kama bado anafundisha zile nyota zake, wakicheka, naye alicheka nao, na baada ya hapo alikaa siku kadhaa bila kutufundisha chochote nje ya kitabu.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mimi na Wambui sote tulipita vizuri. Mimi nilitaka fizikia. Baba yangu alitaka nisomee udaktari wa mifugo. Hakuwa mtu mkali, na hakuna aliyekuwa akinizuia kusoma. Lakini ukame ulikuwa umetuulia ng'ombe wengi, na aliona ni jambo la akili kwamba mtoto aliyesomeshwa na ng'ombe arudi kuwatibu waliobaki. Nilimweleza Mwalimu kwa simu. Jumamosi hiyo hiyo gari lake kuukuu lilionekana likitimua vumbi kuja bomani kwetu, ng'ambo ya Isinya.

"Supa," alimsalimu Baba, kwa Kimaa chake chenye lafudhi ya milimani.

"Ipa," Baba alijibu, akafurahi kwamba amejaribu. Yeyo, mama yangu, alimletea maziwa. Alipoomba maji moto, Yeyo aliniangalia kama kuuliza mgeni anaumwa nini.

Baba hakuzunguka. "Mwalimu, hii maneno ya nyota. Iko na faida gani kwa ng'ombe?"

"Hakuna, mzee."

Baba alitegemea mabishano. "Basi?"

"Basi huyu mtoto ameanza kuuliza, na hataacha. Ukimweka kwa ng'ombe atatibu ng'ombe, lakini atakuwa akiangalia juu. Ng'ombe atagundua."

Baba alicheka mpaka akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Waliongea sana baada ya hapo, kuhusu mvua, kuhusu nyasi, kuhusu watu wanaouza ardhi. Hatimaye Baba alisema, "Haya. Aende. Mimi sijui nyota, lakini najua mtu akisema ukweli." Nilikuwa nimesimama karibu na ukuta nikisikia kila neno.

Tulimsindikiza hadi garini. Ilikuwa mchana, upepo ukivuma. Baba alishika mlango wa gari na kuuliza, kwa wema tu, kama mtu anavyouliza habari za nyumbani, "Na msichana yako, yule wa darasa moja na huyu? Pia yeye anaenda nyota?"

"Wangu anaenda uuguzi," Mwalimu alisema.

"Ameshindwa na nyota?"

"Hapana. Anazijua kuliko wote."

Baba aliuachilia mlango. "Sasa kwa nini yangu aende nyota na yako aende dawa?"

Mwalimu alitazama usukani. "Kwa sababu wangu akikosa kazi, mzee, nitamwona kila siku."

"Na mimi," Baba alisema polepole, "yangu sitamwona?"

Mwalimu aliwasha gari, akatupungia mkono, akaenda. Baba alibaki amesimama pale hata vumbi lilipotulia. Hakubadilisha uamuzi wake. Alisema tu, tukirudi ndani, "Huyo mtu ni mzuri. Lakini leo ameogopa."

Nilimkuta Wambui Kitengela wiki iliyofuata. Tulitembea sokoni tukinunua vitu vya kwenda navyo chuoni, yeye vyake na mimi vyangu. Aliniuliza baba yake alisema nini bomani kwetu, nami nikamweleza, isipokuwa yale ya mlangoni mwa gari. Alisikiliza huku akichagua sufuria, akizigonga kwa kidole.

"Kwenu alikaa muda gani?"

"Mchana wote."

"Kwangu aliongea akiwa amesimama," alisema. "Nilimwuliza kwa nini alinifundisha fizikia basi. Akaniambia, 'Nimekufundisha kuipenda, sikukufundisha kuishi nayo. Mimi mwenyewe sijui jinsi ya kuishi nayo.'" Alirudisha sufuria mahali pake. "Mum alilia. Mimi sikulia. Twende, jua limekuwa kali."

Angeweza kukataa, watu huniambia nikiisimulia habari hii. Labda. Lakini wanaosema hivyo hawakumjua Mwalimu. Hakupiga kelele, hakutisha mtu. Aliongea na wewe kama mtu aliyekwishapima. Na alikuwa ndiye mtu ambaye Wambui alikuwa amemzoea kuwa sahihi.

Mimi nilikwenda. Nilisoma, nikaendelea, nikakaa nchi za baridi miaka kadhaa, nikarudi. Sasa nafundisha chuo kikuu Nairobi, na kazi yangu ni kile kile kipimo: uzito wa nyota ya nyutroni kabla haijaanguka. Mwalimu alinipigia simu mara kwa mara miaka yote hiyo. Alitaka kujua kimepatikana nini. Nikimwambia kuna nyota imepimwa nzito kuliko zile za zamani, aliuliza kwa raha, "Wamepima vipi?" Kitengela nzima ilijua habari zangu kutokana naye. Kinyozi alizijua. Muuza mboga aliwahi kunisimamisha akaniuliza kama mimi ndiye yule wa nyota.

Habari za Wambui hakunipa hata siku moja mpaka niulize. "Yuko sawa," alisema. "Yuko kazini." Na alikuwa sawa. Alikuwa muuguzi hospitalini Kajiado, mzuri, wa wodi ya akina mama. Wanawake wa kwetu walimwulizia kwa jina. Yeyo alipolazwa, Wambui ndiye aliyemtunza, akamwongelesha Kimaa safi ambacho sijui alijifunza lini. Tulipokutana tulikumbatiana, tukaulizana watoto na wazazi. Hatukuongea nyota. Kila mmoja wetu alilikwepa jambo hilo kwa ajili ya mwenzake, na kwa kukwepa hivyo urafiki wetu ukawa mwembamba, wa salamu na pole na hongera.

Jambo jingine nililijua baadaye, kutoka kwa binamu yangu aliyesoma shule ile baada yetu. Nilimwuliza kama Ijumaa bado Mwalimu anafunga mlango. Hakuelewa ninachouliza. Mwalimu aliwafundisha vizuri, alisema, mitihani yote walipita, lakini hakuna siku aliyowaambia habari za nyota. Kuna msichana aliyemwuliza, akajibiwa kwamba silabasi ni ndefu. Kwa hesabu yangu aliacha mwaka ule ule Wambui alipoingia chuo cha uuguzi. Alikuwa akinipigia mimi simu, mbali, kunisikiliza nikimweleza kile ambacho hakuweza tena kukisema darasani.

Alistaafu, akauza nyumba ya Kitengela kwa sababu ya kelele za lori, wakahamia ploti yao Isinya, karibu na mashamba ya maua. Akafuga kuku. Aliwafuga vibaya. Kila kuku alipougua alitaka kujua sababu kwanza, na alipoijua, kuku alikuwa amekufa. Kisha akaanza kuugua yeye. Upande wake wa kushoto ulilegea kwa muda, ukarudi nusu. Wambui akaacha nyumba aliyopanga Kajiado, akahamia kwao, akawa anakwenda kazini na kurudi.

Nilikwenda kumwona Mwalimu Jumapili moja alasiri mwaka jana. Mkewe alikuwa amekwenda Kware, Rongai, kwa dada yake. Nilimkuta barazani kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, amekonda sana. Alinishika mkono kwa ule wake wenye nguvu.

"Njoo karibu," alisema. "Masikio yameharibika. Nieleze zile mbili zilizogongana. Redioni walisema juu juu tu."

Nikamweleza. Nyota mbili za nyutroni zilizungukana kwa muda mrefu mno, zikakaribiana, zikagongana, na mtikisiko wake ukasafiri hadi huku ukitikisa hata nafasi yenyewe, kidogo sana, lakini ukapimika. Nikamweleza habari za mwanga uliofuata, na dhahabu na madini mengine mazito yaliyotapakaa. Alifumba macho akisikiliza. Ulimi wake haukuwa mwepesi tena, lakini swali lake lilikuwa lile ambalo mimi na wenzangu tumelibishania miaka.

"Kilichobaki. Kilianguka hapo hapo, ama kilijishikilia kidogo?"

"Wengi tunadhani kilijishikilia kidogo. Labda sekunde moja hivi. Halafu kikaanguka."

"Sekunde moja," alisema. "Kwa kitu kama hicho, hiyo ni maisha."

Wambui alikuwa ametoka ndani na trei ya chai, bado amevaa sare ya kazi, viatu ameshavua. Aliiweka juu ya stuli, akanimiminia, akampa baba yake kikombe chake cha maji moto. Mwalimu alimfuata kwa macho.

"Umesikia hiyo?" alimwuliza. "Mwambie unaonaje. Unafikiri ilishikiliwa na nini?"

Wambui alitabasamu, lile tabasamu la wodini, la kumtuliza mgonjwa. "Baba, mimi hayo nilishasahau."

"Hujasahau."

"Nimesahau kabisa. Mwulize mwenye kazi yake, huyu hapa." Alinigusa bega aliposema hivyo, bila ubaya wowote. Nilimtazama usoni nione kama anadanganya, na sikuweza kujua. Nadhani hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba ilikuwa inawezekana kabisa kuwa anasema kweli.

Mwalimu aliweka kikombe chini kwa shida, kikagonga ukingo wa stuli. Mdomo wake ulikuwa ukihangaika. Nilitaka kuinuka nitembee kidogo uani niwaache, lakini alikuwa bado ameushika mkono wangu.

"Wewe ndiye ungekuwa unatueleza," alimwambia. "Huyu angekuwa amekaa hapa anasikiliza pamoja na mimi."

"Baba."

"Nilikwenda kwa mzee wa watu nikamwombea mtoto wake. Kwako sikukaa hata chini." Alivuta pumzi. "Nilikosea, Wambui."

Kuku alipita katikati yetu, akadonoa sakafu, akaenda zake. Nilimngoja Wambui aseme yale ambayo watu husema: kwamba haidhuru, kwamba ni mambo ya zamani, kwamba kazi yake anaipenda. Angeweza kuyasema yote na yasiwe uongo. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, mbele ya kiti cha baba yake, akamtazama.

"Najua, Baba," alisema.

Alinyoosha mkono nyuma ya mlango akatoa mashine ya kupimia presha. Alimkunjia sweta hadi juu ya kiwiko, akamfunga ule mkanda, akautandaza vizuri kwa kiganja. Mwalimu alifungua mdomo tena.

"Usiongee sasa," Wambui alimwambia. "Ukiongea itasoma vibaya."

Akabonyeza. Mkanda ukaanza kujaa. Mwalimu alitulia kama alivyoambiwa, machozi yakimtiririka bila sauti, na sisi wawili tukanyamaza naye, tukitazama namba zikipanda.